Kuweka kibao au bango mbele ya nyumba unayoishi Marekani: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila mwaka wa uchaguzi, na kila mwezi wa tano watoto wakianza kumaliza shule, malalamiko huwa ni yale yale. Mtu kachomeka kibao chake mbele ya nyumba vizuri kabisa, asubuhi anatoka kwenda kazini hakioni, au anakuta karatasi ya onyo imebandikwa mlangoni, basi anaanza kuuliza huo uhuru wa kusema tunaoambiwa kila siku uko wapi. Ukimuuliza kibao kilikuwa sehemu gani, anakwambia "pale karibu na barabara ili watu wakione". Haya sasa, hapo ndo penyewe. Watu wanahangaika sana na maneno yaliyoandikwa wakati vibao vingi vinang'olewa kwa sababu ya udongo vilipochomekwa. Kwa hiyo tunaanza na ardhi, maneno yatafuata.

Naongelea Marekani tu, nyumba za kuishi, na vitu vya muda: kibao cha mgombea, bango la mahafali, mishale ya kuelekeza wageni kwenye sendofu, tangazo la kuuza vitu vya ndani, bendera, taa za sikukuu. Sheria za haya mambo zinatungwa na mji au kaunti, na hazifanani, mnaweza kuwa mnatazamana ng'ambo ya barabara moja na mwenzako anaruhusiwa vibao vinne wewe viwili.

Hatua ya 1: Jua udongo ni wa nani

Lami ikiisha haina maana barabara imeisha. Kuna hifadhi ya barabara, na hapa Marekani inaingia ndani kwenye nyasi za mbele ya nyumba kuliko watu wengi wanavyofikiria. Kile kipande cha nyasi kati ya njia ya waenda kwa miguu na lami, unakifyeka wewe, unakimwagilia wewe, mji ukikuta majani marefu unaandikiwa wewe, lakini mara nyingi kibao huruhusiwi kukiweka hapo. Inauma kidogo ila ndo ilivyo. Wakaguzi wa mji wakipita na gari lao huwa wanang'oa vya hapo bila kugonga mlango wa mtu, na hawana haja ya kusoma kimeandikwa nini.

Mtaa usio na njia ya waenda kwa miguu ndo mgumu zaidi maana hakuna alama ya kukuonyesha mpaka. Fanya hivi: ingia kwenye tovuti ya kaunti, tafuta ramani ya viwanja ile wanayotumia kukadiria kodi ya majengo, andika anwani yako, utaona mstari wa kiwanja. Hiyo ramani inakupa picha tu, inaweza kupishana na ukweli kwa futi kadhaa, kwa hiyo kama una ile michoro ya upimaji uliyopewa siku ya kusaini nyumba, itoe kwenye bahasha uiangalie. Ukitaka makadirio ya macho angalia mita ya maji, bomba la zimamoto na nguzo za umeme, vitu hivi mara nyingi vinakaa ndani ya hifadhi au kwenye mstari wenyewe. Ukichomeka kibao nyuma yake, upande wa nyumba, na ukarudi ndani futi chache zaidi, kwa kawaida uko salama.

Sehemu nyingine za kukwepa nitazitaja harakaharaka. Nguzo ya umeme au ya taa ya barabarani usitundike kitu, hilo lilishaamuliwa zamani, mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu mji wa Los Angeles kupiga marufuku mabango kwenye nguzo hata kama ni ya siasa, na pia misumari na stepo zinawaumiza mafundi wanaopanda. Sanduku la barua usibandike tangazo, wala usiweke vipeperushi ndani visivyo na stempu kwenye masanduku ya majirani, hiyo ni sheria ya shirikisho kabisa. Na kama nyumba yako iko kwenye kona, kuna pembetatu pale barabara zinapokutana ambayo lazima ibaki wazi ili dereva aone anayekuja, mara nyingi chochote kinachozidi futi 2 na nusu au 3 kwenda juu hakitakiwi hapo. Hii wakaguzi hawana mchezo nayo, na mimi nawaunga mkono, kibao cha mtu kisije kikasababisha mtoto kugongwa na gari akiwa kwenye baiskeli yake.

Hatua ya 2: Jua nani ana sauti juu yako

Kuna ngazi tatu na zote zinaweza kukuhusu kwa wakati mmoja: serikali ya mji au kaunti, chama cha wenye nyumba wa mtaa yaani HOA, na mwenye nyumba kama umepanga.

Kwanza mji. Anwani ya posta inadanganya. Barua zako zinaweza kuwa zinakuja na jina la mji fulani kumbe nyumba iko nje ya mipaka yake, inatawaliwa na kaunti moja kwa moja, na sheria ya mabango ni ya kaunti. Angalia bili ya kodi ya nyumba, kama kuna mstari wa kodi ya mji basi uko ndani. Wapangaji ambao hawaoni hiyo bili wapige simu ofisi ya mipango miji wataje anwani, wanajibiwa hapohapo.

Kama uko kwenye HOA utakuwa unajua maana unalipa ada. Kitu ambacho wengi hawajasoma ni ule mkataba mrefu uliokuja nao, na humo ndani karibu kila mara kuna kifungu cha mabango.

Hatua ya 3: Isome sheria yenyewe, usiulize jirani

Jirani atakwambia "mimi nimeweka miaka yote hakuna aliyenisumbua". Sawa, hajasumbuliwa kwa sababu hakuna aliyemshtaki bado. Miji mingi haitumi mtu kuzunguka kutafuta makosa, inasubiri simu ya malalamiko, siku jirani mmoja akikasirika ndo utajua sheria ipo.

Sheria za miji mingi zipo bure mtandaoni, kwenye tovuti za Municode, American Legal au eCode360. Andika jina la mji na jimbo, ukishaingia tafuta maneno "temporary signs", na kama hayaleti kitu tafuta "signs" tu kwenye sura ya matumizi ya ardhi. Usianze na orodha ya vibao, anza na maana ya maneno, kile kifungu cha mwanzo kinachoeleza "bango" ni nini kwa mujibu wa mji huo, maana kuna miji bendera ni bango na mingine siyo, kuna miji kitu kilichobandikwa dirishani kwa ndani kinahesabika na mingine hakihesabiki.

Halafu kamata namba hizi uziandike pembeni: ukubwa wa kimoja, jumla ya ukubwa wa vyote kwa pamoja, idadi, urefu kutoka chini, umbali kutoka mpaka wa kiwanja, siku kinazoruhusiwa kukaa, na kama kinahitaji kibali. Ukubwa wanaupima kwa futi za mraba na hapa watu wanachanganyikiwa bure. Chukua upana kwa inchi zidisha na urefu kwa inchi, gawanya kwa 144. Kile kibao cha plastiki unachokiona kila mahali chenye miguu ya waya ni inchi 18 kwa 24, hiyo ni 432, gawanya kwa 144 unapata futi 3 za mraba kamili. Bango la kitambaa la futi 3 kwa 8 la "hongera kwa kuhitimu" ni futi 24 za mraba, na hilo kwenye miji mingi limeshapita kiwango cha nyumba ya kuishi. Kama kibao kina maandishi pande mbili miji mingi inahesabu upande mmoja tu, lakini hakikisha, maana kuna inayohesabu zote.

Piga skrinishoti ya kifungu na tarehe. Sheria hubadilishwa, na tovuti husasishwa kwa kuchelewa, kwa hiyo ukiwa na shaka tuma imeili ofisi ya mipango miji uwaulize kwa maandishi, usiwapigie tu, imeili inabaki.

Hatua ya 4: Jua mji hauwezi kufanya nini

Hapa ndo raha ilipo. Mji unaweza kukubana kwenye ukubwa, idadi, sehemu na usalama. Hauruhusiwi kukubana kwa sababu ya ulichosema, na hauruhusiwi kufunga mlango wote.

Kesi ya kuijua ni ya mama mmoja wa Ladue, Missouri, Margaret Gilleo. Desemba 1990, Marekani ikijiandaa na vita ya Ghuba, aliweka mbele ya nyumba yake kibao cha inchi 24 kwa 36 cha kupinga vita. Kikapotea. Akaweka kingine, akakikuta kimelazwa chini. Akaenda polisi kushtaki, akaambiwa kumbe yeye ndo anavunja sheria, Ladue ilikuwa imekataza karibu vibao vyote ili mji uonekane msafi. Akaomba ruhusa maalum kwa baraza la mji wakamnyima, akaenda mahakamani, na baadaye akabandika kikaratasi cha inchi 8 na nusu kwa 11 kwenye dirisha la ghorofa ya pili. Mji nao ukabadilisha sheria yake ukakataza na hicho. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ikampa haki, majaji wote tisa, ikasema mtu kusema lake kutoka nyumbani kwake ni kitu cha pekee kisicho na mbadala rahisi. Kwa hiyo mji ukikwambia "hapa vibao vyote marufuku", kumbuka Ladue.

Ya pili ni ya Gilbert, Arizona, mwaka 2015. Kanisa dogo lisilo na jengo, linahamahama kwenye kumbi za kukodi, lilikuwa linaweka vibao vya kuelekeza waumini Jumamosi na kuvitoa Jumapili. Sheria ya mji iligawa vibao kwa maudhui: cha mawazo ya mtu futi 20 za mraba na hakina kikomo cha muda, cha siasa futi 16 kwenye nyumba za kuishi, cha kuelekeza watu kwenye tukio futi 6 tu, na kisizidi saa 12 kabla ya shughuli na saa 1 baada. Mahakama ikasema hapana, ukilazimika kusoma kibao ndo ujue kinaangukia sheria ipi basi unabagua maneno, na lazima uwe na sababu nzito sana. Baada ya hapo miji mingi ikaandika upya sheria zake, lakini mpaka leo utakuta iliyobaki na ya zamani, ambayo "vibao vya siasa" vimepewa idadi yake ya siku na "vibao vya dini" idadi nyingine. Ukiona mgawanyo wa namna hiyo jua mji una udhaifu hapo. Ila usikimbilie kuvunja sheria, tumia kama hoja ya kuwaandikia.

Kuna na ya 1977 ya Willingboro, New Jersey, mji ulikataza vibao vya "nyumba inauzwa" kwa sababu ulikuwa unaogopa Wazungu wanahama kwa hofu Weusi wanapohamia, mahakama ikaufuta huo uamuzi pia. Ndo maana hata kibao cha kuuza nyumba hakikatazwi kirahisi.

Hatua ya 5: HOA na mwenye nyumba ni habari nyingine

Haya yote ya hatua ya 4 yanaibana serikali. HOA si serikali, ni mkataba uliosaini, kwa hiyo usiende kwenye kikao chao na kesi ya Ladue ukadhani umemaliza. Kinachokulinda huko ni sheria ya jimbo, na majimbo yanapishana mno.

California HOA haiwezi kukukataza kibao kisicho cha biashara kwenye eneo lako mwenyewe, inaweza kukataza kinachozidi futi 9 za mraba, na bendera au bango la kitambaa linalozidi futi 15 za mraba. Texas HOA lazima ikuachie vibao vya uchaguzi kuanzia siku 90 kabla hadi siku 10 baada, ila inaweza kusema kimoja tu kwa kila mgombea, na kisizidi futi 4 kwa 6. New Jersey mahakama kuu ya jimbo mwaka 2012 ilimtetea mkazi aliyezuiwa kuweka dirishani kibao cha kugombea kwake mwenyewe wakati HOA inaruhusu cha kuuza nyumba tu. Jimbo lako kama halimo hapa tafuta jina la jimbo pamoja na HOA na "political signs", usichukue ya Texas ukaipeleka Ohio.

Bendera watu wanauliza sana. Kuna sheria ya shirikisho iliyosainiwa 2006 (jina lake lina 2005) inayozuia HOA kukataza bendera ya Marekani, ingawa wanaweza kuweka masharti ya maana ya mahali na namna ya kuipandisha. Sheria hiyo inaitaja ya Marekani peke yake. Bendera ya Tanzania, Kenya au Kongo siku ya mechi haimo humo, inategemea jimbo na mkataba wako, hata kama mwenzako wa jirani anapeperusha yake mwaka mzima.

Wapangaji: soma mkataba wa pango. California mwenye nyumba hawezi kukukatalia kibao cha siasa dirishani au mlangoni kwako kama hakizidi futi 6 za mraba, japo anaweza kuweka muda, usiopungua siku 90 kabla ya uchaguzi na siku 15 baada. Sehemu nyingi nyingine mkataba ndo unaamua. Dirishani kwa ndani ndo sehemu ya kuomba ruhusa, na ombi lipelekwe kwa meseji au imeili.

Hatua ya 6: Kibao chako ni cha nini

Cha mgombea. Usisubiri ruhusa ya kampeni, vingi wanagawa bure. Kitu kimoja kwa ndugu zetu ambao bado hawajawa raia: kuweka kibao ni kusema maoni, na kupiga kura ni jambo jingine kabisa ambalo mtu asiye raia akilifanya kwenye uchaguzi wa shirikisho anaweza kuharibu kesi yake yote ya uhamiaji. Mwenye green card anaruhusiwa kuchangia kampeni kwa pesa yake, asiye nayo wala uraia haruhusiwi kuchangia wala kutumia pesa kuchapisha mabango ya uchaguzi, hata ya diwani.

Mishale ya sherehe. Vibao vya kuelekeza kwenye sendofu au harusi kosa lake ni moja: vinawekwa kwenye kona za barabara kuu na kisiwa cha katikati. Hiyo yote ni hifadhi ya barabara. Omba watu wawili watatu wenye nyumba kwenye kona wakuruhusu kuweka kwenye nyasi zao, waandikie meseji wakubali kwa maandishi, na pin ya ramani kwenye grupu la WhatsApp itawafikisha wageni wengi kuliko mishale.

Kuuza vitu vya ndani kwenye geraji. Miji mingi inaweka kikomo cha mara ngapi kwa mwaka, mingine inataka kibali kidogo, na kibao kinatakiwa kutoka siku hiyohiyo.

Biashara ya nyumbani, kusuka nywele, kujaza fomu za kodi, kulea watoto, kupika. Hapa kuwa makini kuliko kote, maana kibao cha biashara hakina ulinzi mkubwa kama wa mawazo, na sheria za biashara za nyumbani mara nyingi zinaruhusu kikibao kidogo sana ukutani au hazikiruhusu kabisa. Baya zaidi ni kwamba kibao kinaweza kuwa ndo kitakachomleta mkaguzi aanze kuuliza leseni, maegesho na idadi ya wateja. Kama leseni haijakaa sawa, shughulikia hiyo kwanza, kibao baadaye.

Taa na midoli mikubwa ya kujaza upepo. Kanuni za umeme zinazotumika majimbo mengi zinachukulia taa za mapambo ya sikukuu kama za muda, zisizozidi siku 90. Waya wa kurefushia uwe wa matumizi ya nje na uchomekwe kwenye soketi inayojikata umeme ukivuja.

Hatua ya 7: Kuchomeka

Miguu ya waya inaingia ardhini inchi chache tu, ila mabomba ya sprinkla nayo hayako mbali, washa sprinkla kwanza uone vichwa viko wapi ndo uchomeke. Ukitaka kuchimba nguzo ya mbao piga 811 siku chache za kazi kabla, ni bure nchi nzima, wanakuja kupaka rangi mahali palipopita gesi, umeme na simu. Mabomba yako binafsi kama ya sprinkla hawayaweki alama. Kielekeze pembeni ya upepo, yaani makali yake yakabili upepo. Ukimaliza piga picha ukiwa umesimama barabarani, ionekane mita ya maji au njia ya waenda kwa miguu ili umbali usomeke.

Hatua ya 8: Onyo likija

Usitupe, usijibu kwa hasira. Angalia limetaja kifungu gani na limekupa siku ngapi, halafu kifungue kifungu hicho usome mwenyewe. Kama ni suala la sehemu, sogeza kibao futi tano kwenda nyuma, piga picha, watumie, mara nyingi linaisha palepale. Kama unaona wamekosea, waandikie ofisi ya wakaguzi uwaombe wakuonyeshe kipimo walichotumia, na uliza utaratibu wa kukata rufaa ndani ya hizo siku, kwa sababu siku zikipita faini inaanza kuhesabika na hoja yako hata iwe nzuri vipi inakuwa imechelewa. Kama onyo linahusu maneno yaliyoandikwa, hapo ndo utafute mwanasheria au tawi la jimbo lako la ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia, kesi za namna hii wanazijua.

Kibao kikiibiwa na mtu binafsi toa taarifa polisi kwa simu isiyo ya dharura, si 911. Kabla ya hapo ulizia kwenye yadi ya mji, pengine wao ndo walikichukua, na miji mingi inavitunza siku kadhaa kabla ya kuvitupa.

Hatua ya 9: Kukitoa

Weka ukumbusho kwenye simu siku uliyokiweka, si siku tukio likiisha, maana hapo utakuwa umechoka na umeshasahau. Ile plastiki ya kibao miji mingi haiipokei kwenye pipa la riseklingi la nyumbani, ila ofisi za kampeni na maduka ya uchapaji baadhi huzikusanya, na shule hupenda kuzigeuza upande wa pili. Waya zitoe zote mbili na uzihesabu, moja ikibaki kwenye nyasi ikapitiwa na mashine ya kukata majani inaruka kama mshale, na anayesukuma hiyo mashine kwa kawaida ni mtoto wako au fundi wa bustani wa watu.